Fundi wa ndege, futa grisi kwanza ndipo uangalie

Nimekuwa fundi wa ndege za mizigo kwa miaka mingi, na vijana wanaoingia karakana huniuliza sana kuhusu moto wa injini. Wanawaza mabomba ya mafuta, chupa za kuzimia moto, kengele. Hayo lazima uyajue. Lakini mimi huwapeleka kwanza kwenye nguzo inayoibeba injini chini ya bawa.

Tarehe 31 Machi 1992, Boeing 707 ya mizigo iliondoka Luxembourg kwenda Kano, Nigeria, ikiwa na watu 5. Juu ya kusini mwa Ufaransa, hewa ikiwa imechafuka, injini ya tatu, ile ya ndani kwenye bawa la kulia, iling'oka, ikaigonga ya nne iliyo pembeni yake, zote mbili zikaanguka. Marubani waliielekeza ndege kwenye uwanja wa kijeshi wa Istres. Ilipokuwa inakaribia kutua, bawa la kulia lilikuwa linawaka. Walitua hivyo hivyo, wote 5 wakatoka hai. Wachunguzi walikuta ufa wa uchovu wa chuma, yaani chuma kilichochoka kwa kubeba mzigo tena na tena, kwenye kiungo cha nguzo ya injini ya tatu.

Miezi mitatu kabla, injini ya tatu ya Boeing 747 ya mizigo ya China Airlines iling'oka na kuiondoa ya nne vilevile, huko Taiwan. Watu 5 walikufa. Kisha tarehe 4 Oktoba 1992 ikawa zamu ya 747 ya mizigo ya El Al, shirika la ndege la Israeli, iliyotoka Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam. Rubani aliripoti moto katika injini ya tatu, kumbe injini yenyewe haikuwepo tena. Ndege iliangukia maghorofa ya Bijlmermeer, Amsterdam, ikaua watu 43, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Ajali tatu, chini ya miezi kumi! Boeing ililazimika kubuni upya viungo vya nguzo za 747.

Kwa hiyo kijana, kengele ya moto ikilia, huenda kasoro ilianza safari nyingi nyuma, mahali ambapo hakuna joto wala moshi.

Ufa wa namna hii huanza kwenye tundu la bolti au kwenye kona ya chuma, na grisi huuficha vizuri mno. Usiangalie chuma kichafu. Kifute, kikaushe, kisha laza tochi pembeni ili mwanga upite juu ya uso wa chuma badala ya kuupiga moja kwa moja. Tumia kioo kuona nyuma ya kiungo. Niliwahi kufuta kiungo kimoja kikawa safi kabisa, nikasubiri kidogo, mstari wa mafuta mwembamba kama unywele ukajichora tena palepale. Mafuta yalikuwa yanatoka ndani ya ufa. Msimamizi alitaka ndege iondoke usiku ule, mizigo ilishapakiwa. Nilikataa kusaini, tukaita watu wa kupima nyufa kwa vifaa, na kiungo kikabadilishwa.

Hapo ndipo vijana wengi hubanwa, hasa kwenye ndege kuukuu zilizowahi kubeba abiria. Ukishinikizwa, usibishane sana. Andika ulichokiona kwenye kitabu cha ndege, mahali, urefu wa ufa na saa. Ukishaandika, hakuna atakayeirusha ndege hiyo bila kuweka jina lake chini ya maneno yako. Na kiungo ambacho hukukifikia kwa macho, kiandike hivyo: hakikukaguliwa.