Ssenga mwenye miwani ya jua

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mukono aliniandikia: "Dada, nimeona picha yako ya Pasaka. Hizo nywele ni zako kweli? Unapaka kanta gani? Mvi zimenimaliza na ndiyo kwanza nina miaka 36." Nilimjibu mistari miwili, nikazima simu, nikajaribu kulala. Usingizi ukakataa. Swali lake lilinirudisha kwenye picha nyingine ambayo hamtaiona hapa. Ni ya kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba, ya binti wa kaka yangu, Masaka. Ssenga, yaani shangazi, siku hiyo nilikuwa mimi, na ssenga huyo kavaa gomesi ya zambarau na miwani kubwa ya jua, ndani ya hema.

Kwa wasiojua mila zetu, siku ya kwanjula ssenga hana pa kujificha. Shangazi wa bibi harusi ndiye anayeinuka mbele ya koo mbili, anapita katikati ya wageni waliokaa, anamtafuta bwana harusi na kumtambulisha. Mimi nilipita nikipapasa. Kope zilikuwa zimevimba hadi zikabaki nyufa mbili za kuchungulia. Nikasimama mbele ya kijana, nikatabasamu, nikamshika mkono, na hema zima likalipuka kwa kicheko. Nilikuwa nimemshika mdogo wake bwana harusi.

Nitafika huko. Acha nianze mwanzo.

Mvi zangu zilianza nikiwa na miaka 31, kishungi kimoja juu ya paji la uso upande wa kushoto. Kwetu ni urithi. Baba alikuwa mwanajeshi, na kichwa chake kilikuwa cheupe chote kabla hajastaafu. Nilikulia kambini Bombo, ndiyo sababu Kiswahili changu kina harufu ya gwaride mpaka leo. Nje ya lango la kambi aliishi bibi mmoja Mnubi ambaye nywele zake zilikuwa na rangi ya matofali ya kuchoma. Watoto tulimcheka. Kila baada ya wiki kadhaa alikuwa akikaa barazani na sinia ya tope la kijani mapajani, anajipaka taratibu, anajifunga kitambaa, kisha anatupikia chai mchana kutwa huku tope likifanya kazi yake. Ningemsikiliza yule bibi nisingekuwa na makala ya kuandika.

Lakini mimi nilikuwa na haraka. Nilikuwa nimepata kazi ya ofisi Kampala, meneja wangu ana miaka 27, na sikutaka aniite mama. Nikaanza kanta ya unga, ile ya chupa ndogo inayokorogwa kwa maji tu. Unga wenyewe umeshachanganywa na kitu cha kuamsha rangi, kwa hiyo maji yanatosha. Shilingi 5,000, dakika 30, mswaki wa zamani, basi. Nyeusi tii! Nyeusi mno, kusema kweli. Inalala kichwani kama kofia, na jua la saa saba likikupiga kila mtu anajua umepaka. Ila mvi zinakwisha kabisa, hilo sitaidanganya nafsi yangu. Nilipaka miaka 6 bila hata mwasho. Shikeni hiyo miaka 6, tutairudia.

Kisha nikachoka na weusi. Nikataka rangi ya divai kama wale wasomaji habari wa televisheni. Nikaingia Kikuubo, kule kwenye maduka ya Kampala, nikapata boksi la rangi ya krimu yenye chupa mbili. Moja ina rangi pamoja na amonia, inayofungua magamba ya unywele ili rangi iingie ndani. Nyingine ina peroksaidi, inayochubua weusi wa asili na kuiamsha rangi mpya. Muuzaji akaniambia peroksaidi ya ndani ya boksi ni dhaifu, akaniuzia nyingine kando, namba 40. "Hii inashika haraka, mama." Sikujua maana ya zile namba. Leo najua: 10 ni asilimia 3 ya peroksaidi, 20 ni asilimia 6, 30 ni asilimia 9, na 40 ni asilimia 12. Kufunika mvi nyumbani, 20 inatosha kabisa. Namba 40 ni ya fundi anayejua anachokifanya, naye haigusishi ngozi ya kichwa.

Na wiki moja tu kabla ya hapo nilikuwa nimeweka dawa ya kulainisha nywele! Kemikali kali juu ya kemikali kali. Nimekaa bafuni, kaveera (mfuko wa plastiki) kichwani, kichwa kinachoma kama nimepakwa pilipili, nafungua bomba nisuuze, maji hakuna. Nilisuuza kwa jeri keni ya maji ya kunywa, lita 5, watoto wakinimiminia kwa zamu huku wakibishana nani amemwaga nyingi. Rangi ilitoka nzuri, sitakataa. Ilikaa vizuri siku kumi. Baada ya hapo nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, kwenye mto, kwenye kola ya sare za shule za watoto. Nikanyoa. Miezi saba nilivaa wigi, na sina zaidi ya kusema kuhusu wigi.

Sasa tufike Masaka.

Zikiwa zimebaki siku tatu, nywele zimeota upya na mvi zimerudi na ndugu zao wote. Nikajiambia safari hii nitatumia kitu cha asili. Sokoni nikakuta paketi yenye picha ya mikono iliyochorwa hina, imeandikwa "hina nyeusi, ya asili". Nikafurahi, nikamkumbuka bibi wa Bombo. Nilipoifungua unga ulikuwa wa kijivucheusi, hauna harufu ya majani. Hapo hapo ningesimama. Yule bibi alikoroga kitu cha kijani, chenye harufu ya nyasi kavu, na alingoja siku nzima. Hii yangu ilishika nyeusi kwa nusu saa. Nami nikawa najisifu mbele ya kioo, eti asili haishindwi.

Kesho yake masikio yakawasha kwa nyuma. Nikasema ni mbu. Usiku paji likawa zito. Asubuhi ya kwanjula nilipoamka, chumba kilikuwa giza, nikadhani umeme umekatika. Umeme ulikuwepo. Macho ndiyo hayakufunguka.

Sikuwa na namna ya kutokwenda, kwa sababu ssenga hana mbadala. Nikameza Piriton, nikaazima miwani ya dereva. Wifi yangu aliponiona akasema kwa sauti, mbele ya mama mkwe wake: "Jamani, ssenga kapigwa na nyuki?" Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Video ya mimi kumshika yule mdogo mtu iko kwenye kundi la WhatsApp la familia hadi leo, na kila Desemba kuna mtu anairudisha. Nilisema nimesamehe. Naandika haya baada ya miaka mitatu, kwa hiyo mnaweza kujua wenyewe.

Jumatatu nilikwenda kliniki. Daktari, binti mdogo mpole, hakuniuliza nimekula nini. Aliuliza nimepaka nini. Ndipo nikalisikia jina PPD kwa mara ya kwanza. Ndiyo kemikali inayotia weusi katika kanta nyingi za kudumu, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo mara nyingi katika kinachoitwa hina nyeusi, ile ambayo watu wa pwani wanaiita piko. Ulaya sheria inataka isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na kuichora mwilini hairuhusiwi kabisa. Kwenye paketi yangu haikutajwa popote.

Nikabisha. Nikamwambia nimepaka kanta miaka 6 bila tatizo. Akasema ndivyo inavyokuwa: mwili unaweza kuvumilia mara nyingi, kisha siku moja unaikataa, na ukishaikataa huirudii tena maishani. Ile miaka 6 niliyoihesabu kama ushahidi wa usalama inawezekana ndiyo iliyoniandalia Masaka. Akanipa vidonge vya kushusha uvimbe, na onyo: mara ya pili inaweza kuwa mbaya zaidi, inaweza kufika kwenye pumzi.

Basi, dada wa Mukono, nywele ulizoziona Pasaka ni hina na nili. Sisemi buluu ya kufulia, tafadhali! Ni unga wa majani ya mmea wa nili. Hina peke yake haiwezi kutia weusi. Kwenye unywele mweusi inaacha wekundu unaoonekana juani tu, na kwenye mvi inatoka rangi ya chungwa. Nili ndiyo inayoufunika ule uchungwa. Hina naipata Kisenyi kwa akina mama wa Kisomali, nanusa kwanza: iwe ya kijani na inukie majani. Naikoroga usiku kwa chai ya rangi na limau kidogo, asubuhi naipaka, nakaa nayo saa tatu, nasuuza. Nili naikoroga kwa maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, bila limau, na baada ya dakika 15 naipaka mara moja maana haisubiri. Nakaa nayo muda wa saa moja na nusu, nasuuza bila shampuu. Siku ya kwanza usijitazame sana kwenye kioo, kuna ukijani. Siku ya pili au ya tatu inatulia, inakuwa kahawia iliyokolea kuelekea nyeusi. Mbili hizo zinanigharimu shilingi 18,000 na Jumamosi nzima.

Najua mnachotaka kusema. Jumamosi nzima? Ndiyo. Bibi wa Bombo alikuwa nayo. Sisi tunataka nusu saa halafu tunashangaa tunapolipa mwezi. Na nywele zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, mizizi itarudi tu, upende usipende. Wanawake tumefundishwa kuficha kishungi cha mvi kama tumeiba. Wanaume wetu wanazeeka wanaitwa wazee wa heshima. Sisi tunazeeka tunatafutwa kwenye rafu za Kikuubo. Sisemi msipake. Mimi mwenyewe napaka! Nasema pima kwanza. Paka tone nyuma ya sikio, ngoja saa 48, tena kila unapobadilisha paketi, hata kama ni ya jina lile lile, hata kama umepaka miaka kumi. Soma maandishi madogo, tafuta PPD au lile neno refu paraphenylenediamine. Kama paketi inasema hina na inatia weusi kwa nusu saa, irudishe dukani au itupe. Na usipake siku tatu kabla ya sherehe. Paka mwezi mmoja kabla. Pima, nasema tena. Pima.

Jumapili iliyopita wifi yangu alikuja kwangu, yule yule wa nyuki. Alivua kilemba, akanionyesha kichwa. Mvi zimeingia pande zote mbili. Akatoa paketi kwenye mkoba, akaiweka mezani karibu na sahani ya matooke, akauliza kama naweza kumpaka leo leo, maana Alhamisi wana harusi Entebbe. Paketi ilikuwa na picha ya mikono iliyochorwa hina.

Nilichukua kijiko cha chai, nikakoroga kidogo, nikampaka nyuma ya sikio la kulia, nikamwambia arudi Jumanne jioni.