Nondo wa mvua za kwanza wanatoka wapi

Kaka wa Nachingwea unaeuliza hao nondo wanaojaa kwenye taa mvua za kwanza zikipiga wanatoka wapi, inategemea ni nondo gani. Kama ni wa viwavijeshi wale wa siku zote, hao wanasafiri usiku na upepo hawaupingi, halafu mvua ya radi ikija pepo zinakutana zinawakusanya sehemu moja, ndo maana asubuhi wapo kibao utadhani wamemwagwa na lori. Sasa chimbuko, wataalamu wanaurudisha upepo nyuma kwenye kompyuta usiku kwa usiku, ila hiyo inakupa uelekeo tu, na huku kwetu kaskazi ikishaanza kila mtu atakwambia wametoka kaskazini basi. Ushahidi wenyewe uko kwenye bawa. Bawa likishakauka halibadiliki tena, linabaki na haidrojeni ya mvua ya pale kiwavi alipokula, na uwiano wa haidrojeni nzito na nyepesi unatofautiana kanda kwa kanda (sio kijiji kwa kijiji, usije ukadanganywa). Kaboni nayo inaonyesha kama alikula mahindi na nyasi au vitu kama karanga na mbaazi. Wale viwavijeshi vamizi ni habari nyingine, asili yao Amerika, Afrika wameripotiwa 2016, na wakipata mahindi ya bondeni kiangazi wanazaliana hapohapo, kwahiyo hao wako wanaweza wasiwe wageni kabisa. Ukitaka wapimwe wakaushe uwaweke kwenye bahasha ya karatasi, andika tarehe na sehemu.