Skrini ya pili: chungulia nyuma ya mashine kwanza, ndio ushuke Luthuli

Hii naandikia nyinyi wa atachi, wanafunzi mliokuja kujifunza kazi, wale wiki ya kwanza tu mnatumwa "nenda umwekee fulani skrini ya pili". Inakaa kazi ya dakika tano, mimi ilinikula siku mzima.

Nilitumwa kwa mama wa akaunti, alikuwa amechoka kutoka Excel anaingia iTax, ile tovuti ya kodi, anarudi Excel, na tarehe 20 hiyo imefika VAT bado haijaenda. Stoo tulikuwa na skrini ex-UK, mtumba wa Uingereza, safi, haina hata mkwaruzo, nyuma ina tundu mbili za kuingiza picha, ya DisplayPort na ya VGA. Mashine ya mama ilikuwa imebakisha tundu moja tu ya kutoa picha, ya HDMI. Basi nikashuka Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, nikaulizia waya yenye HDMI huku na DisplayPort kule, nikapewa, nikalipa na M-Pesa, huyo ofisini. Nikachomeka, imeingia vizuri pande zote mbili, skrini nyeusi ti. Inaandika No Signal halafu inalala. Nikazima mashine nikawasha, mara tatu, mama ameacha kazi ananiangalia tu, hasemi kitu.

Nikarudi dukani nimefura. Yule kijana akachukua waya, akaichomeka kwa kompyuta yake, ikawaka hapo hapo. Nusura tugombane, kumbe sisi wote tulikuwa na haki, yeye alikuwa anatoa picha kwa DisplayPort ya kompyuta anaingiza HDMI ya TV, mimi nafanya kinyume. Waya hizo za bei rahisi zinaenda upande mmoja peke yake. DisplayPort nyingi za kompyuta zinaweza kutoa signali ya HDMI zenyewe, kwa hivyo waya haina kazi kubwa. Lakini HDMI haiwezi kutoa ya DisplayPort, hapo lazima upate adapta yenye chipu ndani ya kubadilisha, na mara nyingi inataka pia moto wa USB. Mwishowe tukabadilishana akanipa kale kadude ka kutoa HDMI kuingia VGA, nako kana chipu ndani, ikawaka. Herufi haziwi kali vile lakini iTax inasomeka.

Sasa VGA ni teknolojia ya 1987, ina zile skrubu mbili za pembeni, zikaze. Mimi sikukaza. Kesho yake asubuhi baada ya watu wa usafi kusukuma meza nikaitwa, skrini yote ni njano kama imemwagiwa mchuzi wa binzari. Njano hivyo maana yake ile pini ya bluu haishiki, ukiona rangi imegeuka usikimbilie kusema skrini imekufa, shika waya kwanza.

Kwa hivyo ukitumwa, piga picha nyuma ya kompyuta na nyuma ya skrini, zote mbili, ukifika dukani onyesha picha. Kama mashine ina kadi ya grafiki utaona tundu ziko sehemu mbili, za juu karibu na USB ni za mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, na za chini zimelala ni za kadi. Chomeka kwa kadi. Mashine nyingi zikiona kadi zinazima zile za juu, na hapo utasumbuka bure na waya mzima, isipokuwa uingie BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, uziwashe. Na kama ni hizi kompyuta za Dell OptiPlex 7010 za zamani zimejaa mjini, nyuma kuna DisplayPort mbili na VGA moja, mara nyingi skrini tatu zinawaka bila kununua kadi yoyote.

Halafu usiuziwe splita. Splita ya HDMI inatoa picha ileile mara mbili, hiyo ni ya TV za baa, mtu wa Excel haimsaidii na chochote.

Ikishawaka bonyeza kile kitufe cha Windows pamoja na P, chagua Extend, ndio skrini mbili ziwe kama moja pana. Wengi wanaishia hapo wanaenda chai, dakika mbili wanaitwa tena eti mausi imekwama ukutani. Haijakwama, ni kwamba Windows inadhani skrini ya pili iko kulia na wewe umeiweka kushoto. Ingia Display settings, bonyeza Identify uone namba, uvute kale kasanduku ka 2 kaende upande ule skrini iko kwa meza.

Na siku ya kutoa, DisplayPort nyingi zina kameno kanashikilia ndani. Kuna kitufe juu ya kichwa cha waya, kibonyeze kwanza ndio uvute. Kuna mwenzenu mmoja aling'ang'ana nayo akavuta na nguvu zote, waya ikatoka na tundu ikatoka nayo.