Nimepewa COBOL, niikimbie?

SWALI: Kazini nimekabidhiwa programu za COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu za kompyuta, nizitunze. Wenzangu wanasema napoteza ujana wangu. Nihame?

JIBU: Usihame, mdogo wangu. COBOL ilianza kubuniwa 1959, na hadi leo benki nyingi zinaitegemea, sababu mojawapo ikiwa kwamba inahesabu fedha kwa desimali kamili, bila vipande vya makosa. Lugha nyingi, usipokuwa makini, zitakwambia 0.1 jumlisha 0.2 ni 0.30000000000000004. Kwa mamilioni ya miamala, hilo ni balaa! Na zana ya zamani si lazima itupwe: mimi bado natumia vi, kihariri cha maandishi cha 1976, maana karibu kila seva ya Linux ninayoingia nakikuta.

Anza na DATA DIVISION, sehemu ya programu inayoeleza data na umbo lake. Ukiona PIC 9(7)V99, hizo ni tarakimu saba, nukta isiyoandikwa, kisha tarakimu mbili. Ukishazielewa hizo, fungua hesabu zenyewe.