Kompyuta 20 za msaada: msikimbilie kufungua maabara

Mleta mada, umesema shule yenu ya kata imepewa kompyuta 20 za mezani, intaneti hamna, na mkuu wa shule anataka zote zikae chumba kimoja kiitwe maabara ya kompyuta. Nakujibu kama mwalimu wa Fizikia niliyewahi kukabidhiwa funguo za chumba cha namna hiyo. Nilitembea nazo mfukoni mwaka mzima, nikazitumia mara chache mno.

Anza na umeme. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na monita inakula kama wati 100. Washeni zote 20 kwa saa moja, uniti 2 za LUKU zimekwenda. Saa nne kwa siku, siku tano, ni uniti 40 kwa wiki. Kwetu LUKU ilipoisha katikati ya mwezi mara ya pili, likatoka agizo chumba kifunguliwe wakija wageni tu. Wageni walikuja, wakapiga picha, tukafunga.

Kilichonifungua macho ni siku niliyobeba mashine moja na projekta ya kuazima hadi kidato cha pili, wanafunzi 70 na ushee. Nilikuwa na majaribio ya PhET kwenye flashi, yaani majaribio ya sayansi ya kufanyia kwenye skrini. Yanatengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, ni ya bure, na ukishayapakua yanafunguka kwenye brauza bila intaneti. Nikaunga betri na balbu mbili kwa mfuatano, nikauliza: nikichomoa moja, nyingine itazimika au itaendelea kuwaka? Darasa likagawanyika, kelele tupu. Nikamwita binti mmoja aje ajaribu. Hakuwa amewahi kushika mausi, akainyanyua hewani kama dasta, mshale umetulia tuli. Sauti ikatoka nyuma: "Iburuze, usiibebe!" Akaburuza, balbu ikachomoka, ya pili ikazima. Kisha kwa udadisi wake akaunga waya moja kwa moja kutoka upande mmoja wa betri hadi wa pili. Kwenye skrini moto ukawaka. Ukelele uliopigwa ulimleta mwalimu wa zamu mbio.

Kesho yake nilienda na betri za tochi na vibalbu, wakafanya kwa mikono. Msiruke hatua hiyo. Aliyeona kwenye skrini peke yake anadhani ni katuni.

Kwa hiyo ushauri wangu: mashine moja na projekta ziende madarasani, nne au tano zibaki chumbani kwa vikundi vidogo, zilizobaki ziwe akiba ya vipuri (mtazihitaji, vumbi halina huruma). Kwenye ile yenye nguvu zaidi wekeni Kolibri, programu ya bure ya masomo isiyohitaji intaneti, ungeni ruta ya kawaida, na nyingine zitasoma video na mazoezi kutoka humo. Kiwix, programu nyingine ya bure, nayo inawapa Wikipedia bila bando. Ila video nyingi ni za Kiingereza cha haraka. Kidato cha kwanza wametoka kusoma karibu kila kitu kwa Kiswahili juzi tu, usiwawashie ukatoka nje. Simamisha, eleza, endelea.

Wenzetu Kenya walipoanza kugawa tableti za darasa la kwanza mwaka 2016, mzigo wa kila shule ulikuwa na vifaa vya walimu, projekta na seva ya masomo, yaani mashine inayohifadhi masomo na kuyagawa kwa vifaa vingine. Seva na projekta ndivyo ningeviomba kwanza kwa mfadhili, kabla ya kompyuta ya 21.

Halafu flashi. Mashine ya kuchapia mitihani isiguswe na flashi ya mtu yeyote. Mimi mtihani wa muhula ulimezwa na virusi usiku wa kuamkia siku yenyewe, asubuhi nikauandika ubaoni, maswali yote, na michoro. Siku hizi yangu ina Ubuntu, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, virusi vya Windows vinapita tu.

Hizo kompyuta zina RAM kiasi gani, na projekta mnayo? Weka hapa, jioni nikitulia nitakuelekeza namna ya kuweka Kolibri hatua kwa hatua.