Kulalamika kwa watumiaji wenzako si kuripoti

Ukilalamika kwenye jukwaa la watumiaji kuhusu ubovu wa kifaa chako, je, inahesabika kuwa umeripoti? Hapana, haihesabiki. Hata watu mia wakikuunga mkono kwamba simu zao nazo zinazimika chaji ikiwa bado asilimia 30, mtengenezaji hajapokea taarifa yako. Nimewahi kukaa dawati la huduma kwa wateja: kilichofika kwa mafundi ni kile tu chenye namba ya kumbukumbu, tarehe ya kununua na ile namba ndefu iliyobandikwa kwenye kifaa. "Na mimi pia!" haina hata kimoja kati ya hivyo.

Kinachowaumiza wengi ni waranti. Unashauriana na wenzako wiki tatu, muda unaisha, na huna barua pepe ya kuonyesha kwamba uliripoti mapema. Kwa hiyo andikia kampuni kwanza, tunza lile jibu lao la kwanza (hata kama limetumwa na mashine), halafu ndiyo ukaulize wenzako. Kusema kweli, kwa suluhisho la muda, wenzako ni wepesi kuliko kampuni, na wakikwambia toleo gani la programu limeleta shida, liandike kwenye ripoti yako.

Ila kama ubovu ni tundu la usalama, mfano mtu anaweza kuingia bila nywila, usilitangaze kabisa kabla ya kampuni kupewa nafasi ya kuziba. Project Zero, timu ya Google inayosaka matundu ya usalama, kwa kawaida huwapa watengenezaji siku 90.