Hakulia Msibani: Je, Ni Dalili ya Hatia?

SWALI: Kaka yetu alikutwa amefariki chumbani kwake. Shemeji hakutoa chozi hata siku ya kuzika, alikuwa akihesabu viti na kuulizia wali. Siku ya tatu alionekana akicheka kwenye simu. Nimeitwa polisi kuandikisha maelezo. Nimweleze mpelelezi haya?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana kwa msiba. Mweleze uliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, lakini usimwambie kwamba "hana uchungu". Uchungu haupimwi kwa macho. Wengine hupigwa na ganzi kwa wiki nzima na kushikilia kazi za mikono, na viti ni kazi ya mikono. Wengine wamelelewa kwamba kupiga mayowe juu ya maiti ni dhambi.

Huko Australia, usiku wa Agosti 17, 1980, Lindy Chamberlain alisema dingo, yaani mbwa mwitu wa kule, amemchukua mtoto wake wa wiki tisa kutoka kwenye hema karibu na Uluru. Watu walimtazama kwenye televisheni, wakamwona mkavu, wakahukumu. Wataalamu nao walidai kuna damu ya mtoto mchanga chini ya dashibodi ya gari lake. Mwaka 1982 alifungwa maisha. Yale matone yalikuja kubainika kuwa dawa ya kuzuia kelele iliyopulizwa kiwandani. Februari 1986 kikapatikana kikoti cha mtoto karibu na mapango ya dingo, kikoti ambacho mama alikitaja tangu mwanzo. Hukumu ilifutwa 1988, na mwaka 2012 mchunguzi wa vifo akathibitisha kuwa ni dingo.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka 1994, South Carolina, Marekani, Susan Smith alilia mbele ya kamera kwa siku tisa akidai mwanamume amemnyang'anya gari na wanawe wawili. Kilichomnasa ni taa ya barabarani. Alisema alisimama kwenye taa nyekundu na hapakuwa na gari jingine, kumbe taa ile haiwi nyekundu mpaka gari lije kutoka barabara ya pembeni. Watoto walikuwa ndani ya gari, ziwani.

Hiyo taa ndiyo aina ya kitu cha kumpa mpelelezi: kauli inayoweza kukaguliwa. Shemeji alisema alikuwa wapi, saa ngapi, alimwambia nani? Nani alifungua mlango? Nguo na shuka ziko wapi? Andika leo, kabla maneno ya jikoni hayajachanganyika na kumbukumbu yako. Tenganisha uliyoyaona na uliyosimuliwa. Ukisomewa maelezo, sikiliza neno kwa neno, na usitie saini palipoandikwa "hakuhuzunika".

Mwenendo una uzito mahakamani pale unapogusa tukio lenyewe: kutoroka, kuficha nguo, kudanganya alipokuwa. Hata kuharakisha maziko si dalili peke yake, maana Waislamu huharakisha kwa ibada. Na tuhuma, hata iwe nzito vipi, haimtii mtu hatiani.

Ulizeni zaidi kama mwili ulifanyiwa uchunguzi wa daktari kabla ya kuzikwa. Kama haukufanyiwa, mwambie mpelelezi mapema, kwa sababu kufukua kaburi kunahitaji amri maalumu, na kila wiki inayopita mwili unapoteza ushahidi. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, usiandike chochote kumhusu.